Kuni za Japani, sio zile za kupikia

Ukikuta mtu anaongelea "kuni" za Japani ya zamani usianze kuwaza mafiga na moshi, kwa Kijapani kuni ni nchi, na enzi hizo ilikua ndo mkoa. Hesabu iliyozoeleka ni kuni 66 pamoja na visiwa viwili, Iki na Tsushima, na mpangilio wake ulikaa vizuri kwenye sheria za Taiho za mwaka 701. Gavana alikua anatumwa kutoka mji mkuu, ila wilaya walipewa wakubwa wa palepale, si unajua tena, mgeni anakuja anaondoka, mwenyeji ndo anajua nani kavuna mpunga na nani kaficha.

Sasa utamu wenyewe uko kwenye hizo wilaya. Nihon Shoki, historia ya serikali iliyomalizika 720, inadai amri ya mageuzi ya 646 ilizipanga, na inaziandika kwa alama hii 郡. Wasomi wakabishana weee, wengine wanasema alama hiyo imechomekwa baadae, mwanzoni watu waliandika 評, maana zote mbili zinasomeka "kori" kwahiyo kwa masikio huwezi kutofautisha. Mwaka 1967 wachimbaji walikua kwenye jumba la Fujiwara, mji mkuu uliotangulia Nara, wakaokota kibao chembamba cha mti kina mwaka wa 699, kuni ya Kazusa, kori ya Awa, na kori imeandikwa 評. Ubishi ukaishia hapo, waandishi wa 720 walikua wameivalisha amri ya zamani neno la zama zao. Na Awa hiyohiyo mwaka 718 ikakatwa ikawa kuni inayojitegemea.

Vibao hivyo vinaitwa mokkan, na vingi ni lebo tu za mizigo ya kodi, chumvi, samaki, mwani, vina mapengo madogo pembeni ya kufungia kamba. Mzigo ukishapokelewa lebo inatupwa mtaroni, au inakwanguliwa kwa kisu iandikwe upya, ndo maana wanafukua mpaka maranda yenye herufi! Tope bichi lisiloingia hewa ndo limeyatunza. Mi napenda hii kuliko makaburi ya wafalme, takataka haina sababu ya kukudanganya.

Kuna na mahekalu, mwaka 741 mfalme Shomu aliagiza kila kuni ijenge moja la watawa wa kiume na moja la wa kike. La kuni ya Musashi limeacha jina kwa mji wa Kokubunji, Tokyo, na vigae vyake vingine vina majina ya wilaya zilizochangia.

Mwaka 1871 serikali ya mfalme Meiji ikaleta mikoa mipya, leo ipo 47, majina ya zamani yakabaki midomoni. Zile tambi nene za Sanuki, Sanuki ni kuni, kwenye ramani ya sasa utaikuta inaitwa Kagawa.