Fasihi ya Kivictoria ni ipi hasa? Tuutazame mwaka 1859

Neno "Kivictoria" siku hizi linabandikwa kwenye kila riwaya ya Kiingereza yenye magauni marefu, mishumaa na magari ya farasi. Nimesikia Shakespeare akiitwa hivyo. Jane Austen ndiye anayeonewa zaidi, tena na watu waliosoma fasihi mpaka chuo kikuu. Lakini kuna matumizi mengine yanayoniudhi kuliko hayo: mtu mkali wa maadili, asiyetaka mapenzi yatajwe mbele yake, anaambiwa ana mawazo ya Kivictoria, kana kwamba waandishi wote wa zama zile walikuwa wahubiri.

Maana yenyewe ni fupi. Fasihi ya Kivictoria ni ile iliyoandikwa Uingereza wakati wa utawala wa Malkia Victoria, tangu tarehe 20 Juni 1837 alipopokea ufalme hadi 22 Januari 1901 alipofariki. Shakespeare alifariki 1616. Austen alifariki 1817, miaka miwili kabla Victoria hajazaliwa. Mark Twain aliandika miaka hiyohiyo ya malkia, lakini ni Mmarekani na ana historia yake.

Sasa tuje kwenye hilo la tabia. Utawala huo ulichukua zaidi ya miaka 63. Mtu aliweza kuzaliwa, kusoma, kuoa, kuandika vitabu 20 na kuzikwa, malkia akiwa yuleyule. Haiwezekani watu wa muda mrefu namna hiyo wawe na mawazo mamoja, na njia nyepesi ya kuliona hilo ni kuchukua mwaka mmoja tu na kuuliza nani alichapisha nini. Mimi huchukua 1859.

Mwezi Februari ilitoka riwaya ya *Adam Bede*, kwa jina la George Eliot. Hakuna mwanamume wa jina hilo aliyeiandika. Mwandishi alikuwa Mary Ann Evans, mwanamke aliyekuwa akiishi London na George Henry Lewes, mume wa mtu ambaye sheria haikumruhusu kumtaliki mkewe. Ndani ya kitabu hicho yumo Hetty Sorrel, msichana mzuri anayefanya kazi kwenye chumba cha maziwa cha mjomba wake. Anapata mimba ya kijana wa kabaila, anajifungua akiwa safarini, nyumbani kwa mwanamke asiyemjua, anamtupa mtoto porini na kuhukumiwa kunyongwa, kisha adhabu inabadilishwa dakika za mwisho na anapelekwa uhamishoni. Kitabu kilisifiwa kila mahali. Kilipovuma sana akazuka mtu, Joseph Liggins, akivumishwa kuwa ndiye mwandishi, na mzozo huo ukachangia kumlazimisha Evans ajulikane.

Na malkia mwenyewe? Alikipenda mno. Alimwagiza mchoraji Edward Henry Corbould amchoree picha mbili kutoka humo: moja ya Dinah Morris, mwanamke Mmethodisti, akihubiri hadharani, na nyingine ya Hetty akitengeneza siagi huku yule kijana akimtazama. Mwenye jina la enzi hiyo aliiweka nyumbani kwake picha ya msichana ambaye, kwa wanaolitumia neno vibaya, asingetajwa hata kwa kunong'ona.

Mwezi huohuo wa Februari mwanafalsafa John Stuart Mill alitoa *On Liberty*, kitabu cha kutetea haki ya mtu kuishi apendavyo maadamu hamdhuru mwenzake. Alikitabaruku kwa mkewe Harriet, aliyekuwa amefariki miezi michache nyuma. Shabaha yake ilikuwa si serikali pekee, bali pia macho ya majirani: ule uzito wa jamii unaombana mtu afanane na wengine. Yaani mmoja wa wakosoaji wakali kabisa wa kile tunachokiita leo ukali wa Kivictoria alikuwa ni mtu wa enzi ya Victoria.

Edward FitzGerald naye alichapisha tafsiri yake ya rubai za Omar Khayyam, mshairi wa kale wa Uajemi, bila kuweka jina lake. Zilichapwa nakala 250, na nyingi zikakaa dukani kwa Quaritch, muuza vitabu wa London, bila wanunuzi mpaka zikatupwa kwenye sanduku la vitabu vya peni moja, ambamo marafiki wa mshairi Dante Gabriel Rossetti walikuja kuziokota mwaka 1861. Mashairi yale yanasifu mvinyo, yanatilia shaka ahera na kumwambia msomaji aishi leo. Baadaye yakawa miongoni mwa mashairi yaliyopendwa kuliko yote katika Kiingereza. Mwaka huohuo wa 1859 Tennyson, mshairi rasmi wa malkia, alikuwa anauza maelfu ya nakala za tenzi zake kuhusu Mfalme Arthur, ambamo uaminifu wa ndoa ndio nguzo ya ufalme. Yupi kati ya hao wawili ndiye Mvictoria halisi? Wote wawili.

Tarehe 24 Novemba ilikuja *On the Origin of Species* ya Charles Darwin, kitabu kuhusu chanzo cha aina za viumbe, kupitia mchapishaji John Murray, ambaye mwaka uleule alitoa pia *Self-Help* ya Samuel Smiles, kitabu cha kuwahimiza vijana wafanye kazi kwa bidii na kuweka akiba.

Mwandishi wa riwaya Charles Dickens simwachi. *A Tale of Two Cities* ilitoka kila wiki kuanzia 30 Aprili hadi 26 Novemba, katika jarida lake jipya la *All the Year Round*. Jarida hilo lilizaliwa kwa ugomvi. Mwaka 1858 Dickens aliachana na Catherine, mkewe wa miaka 22 na mama wa watoto wake kumi, akachapisha tangazo la kujitetea. Wachapishaji wake walikataa kuliweka katika *Punch*, jarida la vichekesho walilolimiliki, akakasirika, akavunja ushirika na kuanzisha lake. Anayetafuta utulivu wa ndoa za Kivictoria asianzie hapo.

Sitaki kudai kwamba ukali haukuwapo. Ulikuwapo, ila tuseme ulikaa wapi. Riwaya mpya ya juzuu tatu iliuzwa shilingi 31 na peni 6, bei ambayo watu wengi hawakuimudu, kwa hiyo waliazima. Maktaba ya kukodisha ya Charles Edward Mudie ilitoza gini moja kwa mwaka, yaani shilingi 21, na ilinunua nakala nyingi kiasi kwamba akikikataa kitabu kimepata hasara. Mudie alitaka vitabu vinavyoweza kusomwa na familia nzima sebuleni. Mwaka huo wa 1859 George Meredith alitoa *The Ordeal of Richard Feverel*, Mudie akainunua, baadhi ya wasomaji wakalalamika juu ya mambo ya uzinzi, akaiondoa. Huo ndio ukali wenyewe: uamuzi wa mfanyabiashara aliyeogopa kupoteza wateja. Mwandishi alikuwa tayari ameshaandika.

Na sifa mbaya ya neno ilikuja kwa nguvu baadaye. Kizazi kilichofuata kilitaka kujitenga na wazazi wake, kama vizazi vifanyavyo. Mwaka 1918, vita vikuu vikiendelea, Lytton Strachey alichapisha *Eminent Victorians*, maisha ya watu wanne yaliyoandikwa kwa kejeli: Kadinali Manning, muuguzi Florence Nightingale, mwalimu mkuu Thomas Arnold na Jenerali Gordon. Angalia kwamba hakuna mwandishi wa riwaya hata mmoja humo. Hata hivyo picha ile ya watu wagumu na wanafiki ndiyo iliyobaki vichwani, na fasihi nzima ikabebeshwa.

Kwetu neno hili lina njia nyingine. John Blackwood, aliyechapisha *Adam Bede*, ndiye katika jarida lake, mwaka huohuo wa 1859, aliyetoa masimulizi ya mvumbuzi Mwingereza John Hanning Speke kuhusu Ziwa Tanganyika na lile ziwa aliloliona kutokea upande wa Mwanza mwaka 1858 na kulipa jina la malkia. Msomaji wa Edinburgh alimfahamu Hetty na Nyanza kutoka nyumba moja ya uchapishaji.

Jarida hilohilo ndilo mwaka 1899 lililochapisha kwa mafungu *Heart of Darkness* ya Joseph Conrad, hadithi ya Mto Kongo. Wengi huiita ya kisasa, na wanashangaa ukiwaambia ilitoka malkia akiwa hai. Ilipotolewa ndani ya kitabu ilikuwa 1902, yeye keshazikwa. Kwa hiyo ukimsikia mtu akisema kitabu fulani ni cha Kivictoria, huna haja ya kumbishia. Muulize tu kilitoka mwaka gani, na wapi. Akikutajia Austen, mwambie taratibu kwamba Austen aliandika wakati wa George wa Tatu.