Kwa Nini Kampuni za Mafuta Huingia na Kutoka kwenye Biashara ya Sola

Kampuni ya mafuta ikitangaza kwamba inajenga shamba la umeme wa jua, wengi huguna: wanasafisha jina tu. Huenda ni kweli kwa baadhi. Lakini uhusiano wenyewe ni wa zamani. Umeme wa sola ulipotoka kwenye satelaiti na kuanza kutafuta soko hapa duniani, wachimba mafuta walikuwa miongoni mwa wateja wake wa mwanzo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, paneli ziliuzwa takriban dola 100 kwa wati moja. Mkemia Mmarekani, Elliot Berman, alipata mtaji kutoka kampuni ya mafuta ya Exxon, na mwaka 1973 ikaanzishwa kampuni ya paneli, Solar Power Corporation. Kwa kutumia silikoni (malighafi ya paneli) iliyokataliwa na viwanda vya elektroniki, bei ilishuka hadi karibu dola 20. Ilikuwa bado ghali kwa nyumba, ila si kwa majukwaa ya mafuta katika Ghuba ya Meksiko. Majukwaa hayo yalihitaji taa na honi za kuonya meli, na vyote viliendeshwa na betri nzito zisizochajika. Zikiisha nguvu, lazima boti ipeleke nyingine. Zilizokufa mara nyingi ziliishia baharini, mpaka Marekani ilipopiga marufuku utupaji huo mwaka 1978. Paneli moja na betri ndogo ya kuchaji vilikuwa nafuu kuliko safari hizo zote.

Matumizi ya aina hiyo hayajawahi kukoma. Bomba la chuma lililofukiwa ardhini huliwa na kutu, na njia mojawapo ya kulikinga ni kulipelekea mkondo mdogo wa umeme mfululizo, ili vipande maalumu vilivyozikwa kando yake ndivyo viliwe polepole badala ya bomba. Nyikani ambako hakuna gridi, sola hufaa sana, kwa kuwa umeme wake hutoka tayari ukiwa wa mkondo mnyoofu (DC) unaotakiwa. Huko Oman, kwenye eneo la Amal, mradi wa Miraah hutumia vioo vya kuakisi jua vilivyowekwa ndani ya mabanda ya kioo, mbali na vumbi na upepo, kuchemsha maji kuwa mvuke wa kulainisha mafuta mazito yaliyo chini ya ardhi. Gesi ambayo ingechomwa kwa kazi hiyo inaokolewa. Ndiyo, ni jua linalosaidia kutoa mafuta zaidi.

Kuuza sola kama biashara ni habari nyingine kabisa. Exxon ilijitoa mwaka 1984. ARCO, kampuni ya mafuta ya Marekani iliyokuwa pia mtengenezaji mkubwa wa paneli, iliiuzia Siemens ya Ujerumani kitengo chake cha sola karibu na 1990. Shell ilikinunua mwaka 2002, kisha 2006 ikauza shughuli zake za paneli za silikoni. BP ilifunga kitengo chake cha BP Solar mwaka 2011, mwaka uleule Total iliponunua asilimia 60 ya kampuni ya sola ya SunPower, ambayo ilifilisika 2024. BP nayo ilirudi 2017 kwa kununua hisa za kampuni ya sola ya Lightsource, ikaimiliki yote 2024, na 2025 ikatangaza kupunguza uwekezaji katika nishati jadidifu.

Kwa maoni yangu, tatizo kubwa ni aina ya faida. Kisima kizuri, bei ya mafuta ikiwa juu, hurudisha mtaji haraka. Shamba la sola hulipa kidogo kidogo kwa miaka 25 au zaidi, na kiwanda cha paneli hupambana na bei zinazoshuka kila mara. Wenye hisa waliozoea faida ya mafuta huchoka upesi.

Kwa hiyo ukisoma tangazo, tafuta kwanza fungu la sola katika bajeti yote ya uwekezaji. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba mwaka 2022 sekta ya mafuta na gesi ilitumia takriban asilimia 2.5 ya mtaji wake kwa nishati safi zote, si sola peke yake. Kisha tenganisha megawati zinazozalisha umeme leo na zile zilizo kwenye mipango, maana mradi ulio kwenye mipango unaweza kuuzwa kabla paneli ya kwanza haijafungwa.