Mtoto wa mbwa hangoji miezi 6

Kwenye makundi ya WhatsApp hapa Tanga kuna ujumbe usiochoka kuzunguka: mtoto wa mbwa asifundishwe chochote kabla ya miezi 6, eti akili haijakomaa na atakuwa mwoga. Si kweli.

Mbwa wa wiki 8 tayari anajifunza, utake usitake. Kati ya wiki ya 3 na takriban ya 14 ndipo anapoizoea dunia: mama wa baibui, watoto wanaokimbia, honi za bodaboda, mvua juu ya mabati. Ukimfungia bandani muda wote huo, hapo ndipo uoga unapomwingia, na mbwa mwoga ni mwepesi wa kuuma.

Hakikisha mwenyewe. Shika dagaa mmoja karibu na pua ya mbwa, umpandishe dagaa huyo taratibu kuelekea kisogo cha mbwa. Mara nyingi makalio hushuka yenyewe. Sema "kaa", mpe. Dakika 3 hadi 5 zinatosha, kisha mwache acheze.

Dhana hii ina chanzo. Zamani mbwa alifundishwa kwa kuvutwa mnyororo shingoni na kuchapwa, hivyo wafundishaji walisubiri mwili ukomae. Tatizo lilikuwa mbinu. Wengine huchanganya na chanjo: kweli, kabla hazijakamilika asichangamane na mbwa usiowajua, lakini uani anafundishika, na barabarani unaweza kumbeba. Ratiba ya chanjo muulize daktari wa mifugo.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mjibu aliyekutumia kwa upole, umweleze jaribio la dagaa.