Kususia mashindano: kwanza uliza ufunguo anao nani

Kila Olimpiki au Kombe la Dunia linapokaribia, mjadala uleule hurudi. Mwenyeji kavamia jirani, au anatesa watu wake. Je, timu iende? Kambi moja itasema michezo isichanganywe na siasa, nyingine itasema kwenda ni kuubariki uovu. Mimi huuliza jambo dogo zaidi: tunayembana ni nani, na tunachomdai anaweza kukitoa kabla ya siku ya ufunguzi? Jibu likikosekana, napinga kususia, hata dai likiwa la haki.

Tuanze na Montreal, 1976, kwa kuwa ndiyo kesi inayotuhusu sana na ndiyo inayosimuliwa ovyo. Mwezi Juni mwaka ule timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini, siku zilezile ambazo polisi wa makaburu walikuwa wanawapiga risasi wanafunzi wa Soweto. Baraza Kuu la Michezo Afrika, likiongozwa na Abraham Ordia wa Nigeria na katibu mkuu wake Jean-Claude Ganga wa Kongo-Brazzaville, likaitaka Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, IOC, iiondoe New Zealand. IOC ikajibu kwamba raga haikuwa mchezo wa Olimpiki tangu 1924, na kwamba kamati ya Olimpiki ya New Zealand haikuwa na amri yoyote juu ya chama cha raga. Jibu hilo liliudhi, lakini kikanuni lilikuwa zito. Afrika ilikuwa imegonga mlango wa mtu ambaye ugomvi wenyewe haukuwa wake.

Tanzania ilitangulia kutangaza kwamba haitashiriki, mapema Julai. Nyingine ziliamua dakika za mwisho, wanamichezo wao wakiwa tayari ndani ya kijiji cha Olimpiki, na ufunguzi ulikuwa Julai 17. Ukisoma vitabu tofauti utakuta idadi tofauti za waliosusia, mara nyingi kati ya 22 na 29. Sababu ni kwamba Misri, Kameruni, Morocco na Tunisia zilianza kushindana kisha zikaondoka, Zaire ilisema haina fedha, na Guyana na Iraki, ambazo si za Afrika, nazo zilijitoa. Senegal na Ivory Coast zilibaki. Ratiba ikavurugika: soka lilichezwa na timu 13 badala ya 16 baada ya Ghana, Nigeria na Zambia kuondoka, na ulingoni mabondia kadhaa wakapita raundi bila kurusha ngumi.

Hasara kubwa ilikuwa kwenye riadha. Filbert Bayi wa Tanzania alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch 1974, dakika 3:32.2, akiongoza tangu mlio wa bastola, John Walker wa New Zealand akimfuata kwa karibu. Marudio ya mbio zile ndiyo dunia nzima iliyasubiri. Walker alishinda Montreal kwa 3:39.17, fainali ya kuviziana, kwa kuwa hakuwapo mtu wa kuipeleka mbio mbele. John Akii-Bua wa Uganda, bingwa wa 1972 wa mita 400 kuruka viunzi, hakupata nafasi ya kuutetea ubingwa wake mbele ya Edwin Moses wa Marekani.

Je, ilikuwa bure? Si bure kabisa, ila matunda hayakutoka kwenye mti uliotikiswa. Mwaka 1978 Kanada ilikuwa mwenyeji tena, safari hii wa Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton, na kuwakosa Waafrika mara ya pili ingekuwa aibu kubwa. Juni 1977 viongozi wa Madola wakakubaliana, katika Mkataba wa Gleneagles, kuzuia mawasiliano ya kimichezo na Afrika Kusini. Nigeria ilisusia Edmonton hata hivyo, lakini Kenya na Tanzania zilikwenda, na Gidamis Shahanga wa Tanzania akarudi na dhahabu ya marathoni. Kilichosukuma mkataba kilikuwa hofu ya mashindano yajayo. Hata hivyo mkataba huo ulikuwa na tundu: mwaka 1981 timu ya raga ya Afrika Kusini ilizuru New Zealand vilevile, polisi wakipambana na waandamanaji mitaani.

Sasa linganisha na matukio ambayo hayana simulizi tamu kwa sababu hakuna aliyesusia. Mapema 1968 IOC iliamua kuirudisha Afrika Kusini kwenye Olimpiki ya Mexico. Nchi za Afrika zikatangaza kwa pamoja kwamba hazitakwenda, nyingine nje ya bara zikaashiria kuziunga mkono, na mwenyeji akaingiwa na wasiwasi. Kufika Aprili mwaliko ulikuwa umefutwa. Mwaka 1972 Rhodesia (Zimbabwe ya leo), iliyotawaliwa na Wazungu wachache, ilikuwa imeshafika kijijini Munich. Tishio la Waafrika likailazimisha IOC kupiga kura, na Rhodesia ikatolewa kwa 36 dhidi ya 31 siku chache kabla ya ufunguzi. Mara zote mbili aliyebanwa ndiye aliyeshika ufunguo, dai lilikuwa moja, na lilitekelezeka kwa kura ya alasiri moja.

Kombe la Dunia la 1966 ni mfano wa katikati. FIFA ilitaka bingwa wa mchujo wa Afrika akacheze tena na bingwa wa Asia na Oceania kugombea nafasi moja. Nchi za Afrika zilijitoa kwenye mchujo, tena mapema, na FIFA ikazitoza faini. Lakini hapa kususia kwenyewe kulilipa: kufika 1970 Afrika ilikuwa na nafasi yake ya moja kwa moja, na Morocco ndiyo iliyoitumia. Mwenye mashindano ndiye aliyekuwa mkosaji. Hali hiyo ni adimu.

Moscow 1980 ni kinyume chake. Rais Carter wa Marekani aliitaka Urusi ya Kisovieti iondoke Afghanistan, akamtuma bondia Muhammad Ali Afrika mwezi Februari kuwashawishi viongozi. Nyerere alikataa kumwona. Kenya ilisusia, Tanzania ikaenda. Bayi alipata fedha katika mita 3000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui fedha katika mita 5000, na hadi leo hizo ndizo medali mbili pekee za Olimpiki za Tanzania. Henry Rono wa Kenya, aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, hakukimbia Olimpiki hata moja. Majeshi ya Kisovieti yaliondoka Afghanistan Februari 1989, kwa sababu zisizo na uhusiano wowote na uwanja wa riadha.

Kwa upande wa utaratibu, mambo yamebadilika na wanasiasa wengi hawajui. Mwaliko wa Olimpiki hutoka IOC mwaka mmoja kabla ya ufunguzi, na huenda kwa kamati ya Olimpiki ya taifa, hauendi serikalini. Kamati hiyo ndiyo pekee yenye uwezo wa kusajili majina. Mkimbiaji hawezi kujisajili mwenyewe hata awe na muda wa kufuzu. Mkataba wa Olimpiki, yaani kanuni kuu za IOC, unailazimisha kamati kupeleka wanamichezo. Korea Kaskazini haikwenda Tokyo 2021, ikitaja korona, na kamati yake ikafungiwa hadi mwisho wa 2022. Tena siku hizi michezo mingi ina nafasi za kufuzu zenye hesabu. Nafasi unayoikataa mapema hupewa anayefuata kwenye orodha, na televisheni haitaonyesha pengo lolote. Ukikataa kwa kuchelewa pengo litaonekana, ila adhabu nayo inakuwa karibu zaidi.

Mashirikisho ya soka hayana simile kabisa. Nigeria, bingwa mtetezi, ilijitoa kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 1996 nchini Afrika Kusini, baada ya Mandela kuulaani utawala wa Jenerali Abacha wa Nigeria kwa kumnyonga mwandishi na mwanaharakati Ken Saro-Wiwa. Mashindano yaliendelea na timu 15, mwenyeji akatwaa kombe, na CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikaifungia Nigeria na fainali za 1998 pia. Kizazi kizima cha wachezaji hodari kilipigwa marufuku kwa ajili ya hasira za jenerali mmoja.

Njia ya kati ni kupeleka timu na kuwazuia mawaziri. Marekani, Uingereza, Kanada na Australia zilifanya hivyo Beijing 2022. Haibadilishi sera ya mwenyeji, lakini humnyima picha ya jukwaani, na mwanariadha hapotezi kitu.

Hoja hii ilifika mlangoni kwetu 2025. Kwa sababu ya vita vya mashariki mwa Kongo, ambavyo Rwanda ilituhumiwa kuhusika navyo, sauti zilipazwa, Bunge la Ulaya likiwamo, kutaka mashindano ya dunia ya baiskeli ya barabarani yasifanyike Kigali. Yalifanyika Septemba, Wabelgiji wakiwa miongoni mwa waliokuja kushinda. Kinshasa yenyewe ilibana kwingine: iliziandikia klabu za soka za Ulaya zilizokuwa zikitangaza utalii wa Rwanda. Kwa kipimo changu huo ulikuwa uchaguzi mzuri zaidi wa mlango, kwa maana klabu inaweza kuvunja mkataba au kukataa kuuongeza kwa saini yake yenyewe, wala hakuna mwendesha baiskeli anayekosa mbio.

Serikali ikishaamua kususia licha ya yote haya, iweke mambo matatu kwenye tangazo lilelile: dai kwa sentensi moja, tarehe ambayo dai likitimizwa timu itapanda ndege, na fungu la fedha kwa kila aliyekuwa amefuzu. La tatu ndilo linalosahaulika daima. Mkimbiaji wa mita 800 hukaa kileleni miaka mitatu au minne, na Olimpiki huja mara moja katika muda huo. Mike Boit wa Kenya, mshindi wa shaba ya mita 800 mwaka 1972, alikosa Olimpiki mbili mfululizo kwa maamuzi ya ofisi ambazo hajawahi kufanya kazi ndani yake.