Turbo Pascal haijafa kwa uzee

Juzi hapa Mtwara mjini kijana wa chuo alikuwa anahangaika kutafuta kompyuta chakavu anunue, eti Turbo Pascal ya 1992, programu ya kuandikia programu nyingine, “imekufa” kwenye Windows 11. Haijafa. Ni programu ya biti 16 (biti hapa ni ukubwa wa data inayoshughulikiwa kwa mpigo mmoja), na Windows 11, ambayo ni ya biti 64, haiendeshi tena za aina hiyo. Umri si hoja: Visual Basic 6 ya 1998, nayo ya kuandikia programu, kwa kuwa ni ya biti 32, bado inafunguka.

Tukaweka DOSBox, ya bure kabisa, inayoigiza kompyuta ya zamani. Ndani yake tukaandika mount c c:\tp\bin (folda ilimo Turbo Pascal), halafu c:, halafu turbo. Skrini ya bluu hiyooo! Ikileta ujumbe wa kosa “Runtime error 200”, hapo kweli kasi ya kompyuta inayoigizwa imezidi. Bonyeza Ctrl na F11 uipunguze.