Dhamana imetolewa, mtu bado yuko ndani

Hakimu wa India akishasema dhamana imekubaliwa, kwa mwenye pesa kazi imekwisha. Kwa kibarua ndiyo kwanza inaanza. Watu wakizungumzia haki ya tajiri na ya maskini nchini humo hutaja rushwa na mawakili wa bei mbaya, na vyote vipo. Lakini mimi naona pengo kubwa liko kwenye makaratasi yanayofuata uamuzi mzuri. Pale hakuna aliyehongwa, kila karani anafuata utaratibu, na mtu anaendelea kulala gerezani.

Takwimu za serikali za magereza zinaonyesha kwamba mwisho wa mwaka 2022 waliokuwa ndani ni watu 573,220. Kati yao 434,302 walikuwa mahabusu ambao kesi zao hazijaamuliwa. Nafasi za magereza yote zilikuwa 436,266. Yaani mahabusu peke yao walikaribia kuyajaza magereza ya nchi nzima kabla hujaingiza hata mfungwa mmoja aliyehukumiwa. Si wote waliokwama kwa sababu ya mdhamini. Wapo walionyimwa dhamana kabisa. Hawa waliokwishapewa wakashindwa kutoka ndio ninaowazungumzia.

Kwa Kihindi dhamana ni zamanat, neno lilelile la Kiarabu tulilochukua sisi, na wakili ni vakil. Utaratibu wenyewe pia hautakuwa mgeni kwako. Amri husema, kwa mfano, mshtakiwa asaini ahadi ya rupia 25,000 na alete wadhamini wawili wa kiasi hichohicho. Familia nyingi husikia "25,000" na kukimbilia kukopa. Wanakosea. Mdhamini halipi chochote siku hiyo. Anaahidi kulipa mshtakiwa akitoroka. Mahakama haitafuti pesa. Inatafuta mtu mwenye mali inayoonekana kwenye karatasi.

Mdhamini huyo atatakiwa kuonyesha kitambulisho chenye anwani, na rekodi ya ardhi au hati ya mshahara, na mara nyingi cheti cha uwezo wa mali kutoka kwa tahsildar, ofisa wa mapato wa eneo lake. Baadhi ya mahakama hupeleka karatasi hizo kwenye kituo cha polisi cha mdhamini zikahakikiwe. Sheria inamtaka pia atamke ameshawadhamini watu wangapi. Masharti haya yana mantiki, kwa sababu nje ya mahakama nyingi wapo wadhamini wa kukodiwa wanaozungusha hati moja ya shamba kwa washtakiwa chungu nzima. Ila sasa mchukue kijana wa jimbo la Bihar anayebeba zege Mumbai. Kitambulisho chake ni cha kijijini. Anaofahamiana nao mjini wanapanga chumba kama yeye na wanalipwa mkononi. Baba yake ana kipande cha shamba, lakini kiko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapo, na karani anataka mdhamini wa wilaya hiyohiyo.

Kikwazo hiki ni cha zamani. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ilisikiliza shauri la mwashi mmoja wa Madhya Pradesh. Mahakama hiyohiyo ilikuwa imeshamruhusu atoke, lakini hakimu wa chini akataka mdhamini wa rupia 10,000, kisha akamkataa kaka yake kwa sababu mali yake ilikuwa wilaya nyingine. Jaji Krishna Iyer aliamuru aachiwe kwa ahadi yake mwenyewe ya rupia 1,000. Mwaka uliofuata, katika shauri la mahabusu wa Bihar, baadhi yao wakiwa wamekaa ndani kuliko kifungo ambacho wangepewa wangepatikana na hatia, Jaji Bhagwati alisisitiza njia hiyohiyo ya ahadi ya mwenyewe. Sheria nzuri ipo tangu enzi hizo. Mazoea ya mahakama za wilaya ndiyo hayajahama.

Upande wa pili tazama Oktoba 2021. Mtoto wa mwigizaji Shah Rukh Khan alipewa dhamana na Mahakama Kuu ya Bombay tarehe 28. Mdhamini wa laki moja alikuwa mwigizaji Juhi Chawla, aliyefika mwenyewe mahakamani kusaini. Hati ya kuachiwa haikufika kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni kwenye sanduku la gereza la Arthur Road ambamo hati hizo hutumbukizwa, kijana akalala usiku mmoja zaidi, na nchi nzima ikazungumza. Baadaye hakushtakiwa kabisa, kwa hiyo simlaumu kwa kutoka. Ninachosema ni kwamba sanduku lile lilimchelewesha kila mtu, na kwake hasara ilikuwa usiku mmoja. Sasa Mahakama ya Juu hutuma amri zake gerezani kwa mtandao, mfumo uliozinduliwa Machi 2022. Umesaidia kuharakisha karatasi. Haumtafutii mtu mdhamini.

Kuna pia suala la kuhesabu siku. Polisi wasipowasilisha hati ya mashtaka ndani ya siku 60, au 90 kwa makosa mazito, mahabusu ana haki ya dhamana bila kubishana kuhusu ushahidi. Lakini lazima aombe. Hati ikifika mahakamani kabla hajaomba, haki hiyo imepotea. Wakili wa tajiri huwa na ombi mkononi asubuhi ya siku ya 61. Maskini aliye rumande anastahili wakili wa bure bila kuulizwa kipato, ila wakili huyo ana mafaili mengi, na hakuna anayempigia simu kumkumbusha. Na hata akiomba kwa wakati, mteja wake habanduki gerezani mpaka atimize masharti ya dhamana. Tumerudi kwa mdhamini.

Mwaka 2023 serikali kuu ilianzisha mpango wa kuwasaidia mahabusu maskini kwa hadi rupia 40,000 kila mmoja. Nia njema, ila naona umelenga pembeni. Unajaza pengo la fedha wakati amri nyingi zinadai mtu mwenye mali. Unafaa pale tu wakili anapoomba mahakama ipokee amana ya taslimu badala ya mdhamini, na hilo ndilo ombi la kwanza ambalo ningetaka kila familia ilisukume.

La pili ni kupunguziwa masharti. Kwa makosa ambayo dhamana ni haki, aliyeshindwa kupata mdhamini kwa wiki moja tangu akamatwe huhesabiwa maskini na anapaswa kuachiwa kwa ahadi yake. Kwa makosa mengine, mwongozo wa Mahakama ya Juu wa Januari 31, 2023 unamtaka mkuu wa gereza amwarifu katibu wa msaada wa kisheria wa wilaya ikiwa mtu hajatoka ndani ya siku 7 tangu apewe dhamana. Mwezi ukipita, mahakama inaweza yenyewe kuyatazama upya masharti. Inaweza pia kumwachia kwa muda ili akamtafute mdhamini akiwa nje, jambo ambalo mawakili wachache hukumbuka kuliomba.

Kipo kifungu cha 479 cha sheria mpya ya mwenendo wa kesi za jinai iliyoanza Julai 1, 2024: asiyewahi kutiwa hatiani huko nyuma anaweza kutoka akishakaa theluthi moja ya kifungo cha juu cha kosa lake. Soma mpaka kifungu kidogo cha pili kabla hujashangilia. Mwenye kesi zaidi ya moja hahusiki, na kibarua aliyekamatwa kwa wizi mdogo huweza kubandikwa kesi mbili kwa tukio moja.

Mwongozo wa 2023 unamalizia na mdhamini wa wilaya hiyohiyo, kikwazo cha yule mwashi. Unasema mahakama *zinaweza* kutolidai sharti hilo. Haukusema zisilidai.