Saruji Chini ya Lami: Saa Mbili na Siku Saba

Barabara ya lami inayopitisha magari machache, tuseme yasiyofika 300 kwa siku, haina ulazima wa kusubiri kokoto za kusagwa kutoka mbali. Kifusi cha machimbo ya jirani kikichanganywa na saruji kidogo kinatosha kuwa tabaka la msingi chini ya lami nyepesi. Kazi hii ikiharibika, mara nyingi saruji haikupungua. Muda ndio uliopotea.

Maabara iamue kwanza. Kifusi chenye mfinyanzi mwingi, kile kinachong'ang'ania koleo, hupewa chokaa. Changarawe yenye mfinyanzi kidogo ndiyo ya saruji, kwa kawaida asilimia 3 hadi 5 ya uzito wake mkavu.

Tuchukue asilimia 4. Tabaka la milimita 150, lenye kilo 1,900 kwa mita ya ujazo likishashindiliwa, lina kilo 285 katika kila mita ya mraba. Saruji yake ni kilo 11.4. Kwa barabara ya upana wa mita 5.5, hiyo ni mifuko mitano ya kilo 50 kila mita 4 za urefu. Mifuko ipangwe kwa kupimwa na kamba, ndipo ichanwe na saruji isambazwe kwa reki. Ikimwagwa malundo na kuachiwa greda, pengine patakuwa zege na pengine vumbi tupu.

Kuongeza saruji "kwa usalama" ni kosa pia: tabaka hunywea likikauka, hupasuka, nyufa zikapanda hadi juu ya lami na maji yakapata njia.

Maji yakishagusa mchanganyiko, kuchanganya, kushindilia na kusawazisha viishe ndani ya saa 2. Baada ya hapo saruji imeanza kushika, na roli inavunja kilichokwisha kuungana. Heri mita 100 zilizokamilika kuliko 300 za kukimbizana nazo jioni.

Wakati wa kusawazisha, greda likate tu, lisijaze. Palipo na bonde, ile "plasta" ya sentimita mbili juu yake huonekana safi siku hiyo, kisha hubanduka pamoja na lami. Acha tabaka juu kidogo tangu mwanzo, upate cha kukata.

Zinafuata siku 7 za unyevu usiokatika, au tabaka lizibwe mapema kwa lami ya awali, yaani lami ya majimaji inayonyunyizwa kabla ya lami yenyewe. Boza linalopita asubuhi na jioni tu halisaidii: juu hulowa na kukauka, hewa ya ukaa huingia, na uso hugeuka unga. Kukagua ni rahisi. Chimba kishimo kidogo, nyunyizia ukuta wake mbichi dawa ya maabara iitwayo fenoftalini. Palipo hai, yaani ambapo saruji haijaharibiwa na hewa hiyo, hugeuka rangi ya waridi. Sehemu ya juu isiyobadilika rangi ikwanguliwe yote kabla ya lami.